Umeme Uliokatika Si Umeme Uliozimwa

Kila ifikapo likizo ya Desemba, Dar es Salaam hupungua watu. Shule zimefungwa, wazee wanawataka wajukuu, harusi zilizosubiri msimu zimepangwa, na mabasi ya Tanga, Moshi na Lindi yanaondoka yamejaa. Nasi tumo katika msafara huo. Tunaishi mjini kwa ajili ya kazi, lakini asili ya mmoja wetu ni Pangani, na tangu watoto waanze shule hatujapitisha Desemba bila kuwapeleka kumsalimu babu yao. Bibi mzaa mama, ambaye tunaishi naye, hufuatana nasi.

Maandalizi ya safari yana utaratibu wake, na kila familia inaujua: nauli, nguo za watoto, zawadi za wazee, madeni madogo madogo ya dukani yasiyofaa kuachwa nyuma. Nyumba yenyewe huja mwisho kabisa, watu wamekwisha choka. Hapo ndipo tunapoona jambo la kushangaza kwa majirani wengi, tena watu waangalifu. Hununua kufuli jipya, hukagua nondo za madirisha, humwomba kijana wa mtaani alale barazani. Kisha huondoka huku ndani friji inanguruma, chaja tatu zinaning'inia ukutani, na pasi imesimama mezani ikiwa bado imechomekwa. Mwizi amefikiriwa kwa kila namna. Moto haukufikiriwa hata kidogo.

Tunaandika haya kwa sababu ya nyumba moja iliyo mitaa miwili kutoka kwetu. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi katikati, jiko na choo uani, na dari moja la mbao lililofunika vyumba vyote. Mwenye nyumba na familia yake walikaa vyumba viwili vya mbele. Vinne vilivyosalia vilikuwa na wapangaji. Walikuwa na harusi ya binti wa kaka yao Korogwe. Alfajiri ya safari mama wa nyumba ile aliamka mapema kupiga pasi kanzu za watoto, na alikuwa katika kanzu ya pili umeme ulipokatika. Wakamalizia kujiandaa kwa tochi ya simu, wakaswali, wakafunga milango, wakaenda zao. Pasi ilibaki imelala kifudifudi juu ya blanketi kuukuu lililotandikwa mezani, na swichi ya ukutani ilikuwa imewashwa. Umeme ulirudi saa tano asubuhi. Wakati huo basi lao lilikuwa limekwisha pita Segera.

Hakufa mtu, alhamdulillah. Ilikuwa mchana, wapangaji walikuwa macho, na mama mmoja aliyejifungua wiki hiyo hiyo alitolewa na mwanawe kwa mlango wa uani. Lakini moto ulipanda darini, na katika nyumba za namna ile kuta za vyumba huishia chini ya dari. Juu yake ni uwazi mmoja. Uliposhuka tena haukushuka kwa mwenye pasi peke yake. Chumba cha tatu kilikuwa cha fundi cherehani. Msimu ule wa harusi alikuwa amejaza vitambaa vya watu: vya sare, vya mabaibui, vya kanzu, vingine vimekwisha katwa, vingine vingali katika mifuko ya dukani. Hakukuwa na kitambaa chake hata kimoja mle ndani. Daftari la vipimo liliungua pia. Jioni ile tulimkuta amekaa kwenye msingi wa nyumba ya jirani akijaribu kukumbuka majina, na kijana mmoja akimwandikia. Mtu huyu hakusafiri, hakupiga pasi, na hakuwa na sababu yoyote ya kujilaumu. Ghafla alikuwa anadaiwa amana za watu zaidi ya ishirini.

Wazee walikaa msikitini zaidi ya mara moja kutafuta suluhu. Je, ni juu ya mwenye pasi kulipa? Au kila mtu aseme ni kadari na kila mmoja abebe hasara yake? Hukumu ya mambo hayo tunawaachia masheikh. Tunalolishuhudia ni kwamba yule mwenye nyumba hakujificha nyuma ya kadari. Alisema pasi ni yake na alikubali kumlipa fundi kidogo kidogo. Mpaka tunaandika haya bado analipa.

Swali lililozunguka mtaani siku zile lilikuwa hili: mbona swichi kuu, ile mafundi waiitayo meinswichi, haikujikata? Watu walimlaumu aliyeunga umeme, wakalaumu nyaya, wakalaumu nguzo. Ukweli ni mwepesi zaidi, nao ndio uliotutisha. Pasi ile haikuwa mbovu. Pasi ya kawaida ya wati 1000, kwa umeme wetu wa volti 230, huvuta ampea nne na kitu. Breka ya soketi mara nyingi ni ya ampea 20 au 32. Haikati mpaka umeme unaopita uzidi kiwango hicho, au nyaya zigusane. Hata kile kifaa kizuri kinachokata umeme unapovuja kuelekea ardhini, ambacho huokoa maisha ya mtu aliyeshikwa na umeme, hakina habari na pasi nzima iliyolala juu ya blanketi. Na kidhibiti joto kilichomo ndani ya pasi hakikuwekwa ili kuizima. Kazi yake ni kuiweka katika joto lile lile uliloichagulia, ambalo kwa nguo za pamba hukaribia nyuzi 200. Vifaa vyote vilikuwa vinafanya kazi yake sawasawa. Kilichokosekana ni mtu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, saa ya hatari kuliko zote katika safari zetu ni ile ya kuondoka wakati umeme haupo. Umeme ukiwapo, nyumba hujisema yenyewe: taa inawaka, feni inazunguka, televisheni inatoa sauti, pasi ina kijitaa chake. Umeme ukikatika, kilichowashwa na kilichozimwa hufanana. Mtu hupita chumba hadi chumba, akaona giza na ukimya, akasema moyoni kwamba kila kitu kimezimwa. Hakuna kilichozimwa. Vyote vinasubiri. Na sisi wa miji hii tunajua vyema kwamba umeme hukatika bila kuaga na hurudi bila kubisha hodi.

Tulipokuwa tukiyazungumza haya nyumbani, Bibi alitukumbusha mafundisho ambayo sote tuliyasoma madrasa na pengine tukayaacha huko huko. Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Imepokewa pia kutoka kwa Abu Musa kwamba nyumba moja ya Madina iliwaunguzia watu wake usiku, Mtume (s.a.w.) alipopewa habari, aliueleza moto kuwa ni adui wa watu na akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Na katika mapokezi ya Jabir, sababu imetajwa waziwazi nayo ni panya, kiumbe mdogo awezaye kuwaunguzia watu nyumba yao. Zama zile aliburura utambi wa taa. Zama hizi yumo darini anatafuna ganda la waya. Bibi alisema panya hajabadilika, ila kibiriti ndicho kilichobadilika.

Hapo mmoja wetu akauliza: je, maana yake ni kuzima kila kitu, hata friji, hata taa ya nje? Jibu lililotufaa tulilipata kwa Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria. Katika sherehe yake ya Sahihi Muslim aligusia kandili zinazotundikwa misikitini na kwingineko. Kwa ufupi alisema kwamba zikihofiwa kuleta moto, nazo zimo katika amri ya kuzimwa. Na ikiwa kuna usalama, kama ilivyo kawaida yake, inaonekana hakuna ubaya kuziacha, kwa kuwa sababu ya katazo haipo. Kwetu sisi maneno hayo yamekuwa kipimo. Hatuulizi tena kifaa hiki kina thamani gani wala kinatumia uniti ngapi. Tunauliza: tukikiacha peke yake wiki mbili, kuna cha kuhofia? Kikiwa nacho, kinatoka ukutani.

Friji ndiyo iliyotugawa. Mmoja wetu alitaka izimwe. Mwingine aliwaza samaki na nyama zilizojazwa humo, na mali kuharibika nako si jambo dogo. Mabishano yalikwisha siku tulipomleta fundi umeme mwenye leseni kukagua nyumba kabla ya safari. Alipovuta friji kutoka ukutani, soketi iliyokuwa nyuma yake ilikuwa na uso wa rangi ya chai ya rangi. Akaifungua. Skrubu iliyobana waya ilikuwa imelegea, na waya wenyewe ulikuwa mweusi nchani. Alitueleza kwamba mahali palipolegea umeme hupita kwa taabu, na taabu hiyo hutoka kama joto. Umeme unaopita ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Joto huharibu chuma cha soketi, chuma kikazidi kulegea, na mambo huendelea hivyo kimya kimya. Breka haikati kwa hilo, kwa sababu umeme unaopita si mwingi. Dalili zake ni rangi kubadilika, harufu ya plastiki, plagi kuwa ya moto mkononi, au taa kupepesa unapogusa swichi. Na kwa kawaida dalili hizo hujificha nyuma ya friji, nyuma ya kabati na nyuma ya kitanda, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Soketi ilibadilishwa, lakini tangu siku ile friji yetu haiachwi ikifanya kazi. Wiki ya mwisho kabla ya safari hatununui samaki wala nyama, tunakula kilichomo. Kinachosalia tunawagawia wapangaji na jirani, nao hawajawahi kulalamika. Tunaisafisha, tunaikausha, na tunaacha mlango wake wazi kidogo ili isifanye ukungu. Kwa asiyeweza hivyo, ajue kwamba freza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban siku mbili, na iliyojaa nusu kwa siku moja. Safari ya wiki mbili yenye kukatika kwa umeme katikati huweza kuiyeyusha nyama na kuigandisha tena bila wewe kujua, ukarudi ukaila.

Kizuizi cha pili kilikuwa wapangaji. Wanaokaa uani kwetu walikuwa wanatumia mita moja ya LUKU pamoja nasi, kwa hiyo kuzima meinswichi kulikuwa ni kuwanyima haki yao. Nyumba nyingi za mjini ziko hivyo. Fundi alitenganisha njia: vyumba vyetu breka zake, vyumba vyao breka zake, na kila moja imeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Sasa tunaweza kuzima upande wetu wote na wao wakaendelea kupika na kuwasha taa. Gharama ilikuwapo, na mwaka ule zawadi za Pangani zilipungua. Babu alielezwa sababu, akaridhika. Wako pia wanaosema: tutaziacha uniti za LUKU ziishe zenyewe, umeme utajikata. Hilo halitoshi. Mpangaji akiingiza uniti usiku wa siku ya tatu, umeme unarudi kwako vile vile kama unavyorudi kwake.

Siku ya mwisho tuna utaratibu ambao hatuuvunji. Nguo zote za safari hupigwa pasi jana yake, na pasi huondolewa mezani kabla ya Isha. Ikipoa, inafungwa waya wake na kuwekwa kabatini. Alfajiri ya safari pasi haitoki. Kanzu ikikunjamana, ikunjamane. Pangani pasi zipo.

Kisha plagi. Hatutosheki na kuzima swichi ya soketi, tunachomoa kabisa. Sababu ni ile ile ya giza. Swichi ndogo ya ukutani, ukiwa na haraka na tochi mkononi, huwezi kusadiki kama iko juu au chini. Plagi iliyolala sakafuni huonekana hata kwa mwanga wa kibiriti. Tunashika plagi yenyewe, hatuvuti waya, na mikono inakuwa mikavu. Televisheni na king'amuzi huchomolewa pamoja na waya wa antena, kwa kuwa Desemba mvua za vuli bado zinaweza kuja na radi, na radi hupita njia yoyote iliyo wazi bila kujali breka. Chaja za simu, jagi la umeme, feni, redio ya Bibi, vyote hutoka. Ekstensheni hukusanywa. Hizi tunaziogopa kuliko tunavyoiogopa friji. Plagi yenye fyuzi ya ampea 13 imekusudiwa kubeba wati zipatazo 3000 kwa jumla, na ekstensheni nyingi za bei nafuu zina nyaya nyembamba zisizoweza hata kiasi hicho. Kisha watu huzipitisha chini ya zulia, zikakanyagwa mwaka mzima, na joto lake likakosa pa kutokea.

Wenye pampu ya maji inayojiwasha yenyewe kupandisha maji kwenye tangi wasiisahau. Kisima kikikauka au bomba likikatika, pampu huendelea kuzunguka bila maji hadi inaungua. Mtungi wa gesi nao unafungwa pale pale kwenye mtungi, ingawa hilo si la umeme.

Mtu mmoja ndiye anayepita mwisho, na ni yule yule kila mwaka. Tumeona kwamba kazi ya wote ni kazi ambayo kila mmoja anadhani mwenziwe ameifanya. Watoto humfuata wakihesabu soketi kwa sauti. Kwetu ni kumi na nne, na hatutoki mpaka hesabu itimie. Halafu breka za upande wetu zinashushwa. Taa ya nje tumeiacha katika njia ya wapangaji, nayo ni ile inayojiwasha giza likiingia. Taa iwakayo mchana kutwa kwa wiki mbili humwambia mwizi habari zote anazozihitaji.

Ufunguo mmoja hubaki kwa jirani. Kuna ndugu wanaotulaumu kwa hili, wakisema nyumba yenye mali haiachiwi mtu. Sisi tunaona kinyume chake. Jirani ndiye atakayenusa moshi kwanza, na nyumba yake ndiyo ya pili kuungua. Asipokuwa na ufunguo atasimama nje akivunja mlango wa chuma kwa jiwe. Tumemwonyesha breka zilipo, tumemwachia namba ya fundi, na tumemwandikia kwenye karatasi namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tumemwomba pia asimwage maji juu ya moto wa umeme kabla umeme haujakatwa. Alicheka akasema analijua hilo. Tukamwomba awaambie na watoto wake.

Kurudi nako kuna taratibu zake. Tunafungua madirisha na tunanusa kabla hatujagusa chochote, kwani harufu ya plastiki iliyoungua haifichiki katika nyumba iliyofungwa siku kumi na nne. Tunatazama kama panya wameacha alama zao kando ya nyaya. Breka tunazipandisha moja baada ya nyingine, kisha plagi, na friji inakuwa ya mwisho. Mwaka jana tulifika usiku, mtaa mzima hauna umeme, watoto wamechoka na Bibi anataka kulala. Hatukuwasha kitu. Tulilala kwa taa ya betri, plagi zote zikiwa chini ya soketi zake kama tulivyoziacha. Umeme ulirudi usiku wa manane, na ndani kwetu hakuna aliyejua mpaka asubuhi wapangaji walipotuambia.